Kinasasauti Darasani: Kufunza Utungaji wa Papo kwa Papo

Utangulizi

Fasihi simulizi huishi katika utendaji. Hata hivyo, aghalabu mwanafunzi wetu huifahamu kupitia maandishi: huzikariri sifa za malenga na kufaulu mtihani, ilhali hajawahi kusimama mbele ya hadhira akatunga ubeti mmoja bila kalamu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi kinasasauti cha dijitali na programu ya kuhariri sauti vinavyoweza kuliziba pengo hilo. Aidha, yanatahadharisha kwamba vyombo hivyo hivyo vinaweza kuiua stadi tunayokusudia kuifunza.

Funzo la Parry

Wazo la kuuchunguza utungaji wa papo kwa papo kwa kunasa sauti si geni. Kati ya 1933 na 1935, Mmarekani Milman Parry aliwarekodi waimbaji wa tendi nchini Yugoslavia kwa sahani za alumini. Kwa kuwa kila sahani ilibeba dakika chache tu, mtambo wake ulitumia sahani mbili kwa kupokezana ili wimbo usikatizwe. Mnamo 1935, mwimbaji Avdo Međedović alisikiliza utendi asioujua ukiimbwa na mwenzake kwa mishororo 2,294. Alipouimba yeye, ulifikia mishororo 6,313. Mwanafunzi wa Parry, Albert Lord, alieleza katika The Singer of Tales (1960) kwamba waimbaji hao hawakukariri. Walitunga wakiimba, wakitegemea mafungu ya maneno na matukio yaliyozoeleka. Kwa hivyo, atungaye papo hapo haanzi mikono mitupu: ana ghala. Kazi ya mwalimu ni kumsaidia mwanafunzi kuijaza ghala yake.

Mazoezi Matatu

Kwanza, kujaza kimya. Mwalimu arekodi mshororo mmoja, kwa mfano: "Kinasa nimekiwasha, neno langu lipokewe." Baada yake aache kimya cha sekunde 40, ambamo mwanafunzi atakamilisha ubeti wa tarbia kwa mishororo mitatu yenye mizani 16, kina cha kati -sha na cha mwisho -we. Kisha anakili zoezi hilo huku akipunguza kimya hadi sekunde 30, na hatimaye 20.

Pili, kujisikiliza. Katika programu kama Audacity, ambayo hailipiwi, sauti huonekana kwenye tarakilishi kwa umbo la mawimbi, na kimya huonekana kama mstari mnyoofu. Mwanafunzi atie alama kila aliposita na kueleza sababu. Je, alivuta pumzi? Alikosa kina? Alikosa hoja? Anayesita daima kabla ya kina anahitaji msamiati. Anayesita mwanzoni mwa mshororo huenda hajaamua anachotaka kusema. Maradhi hayo ni tofauti, na dawa yake ni tofauti.

Tatu, malumbano. Mwanafunzi mmoja arekodi ubeti wa kuchokoza. Mwenzake ausikilize mara moja tu, kisha ajibu kwa vina vile vile katika ukanda wa pili. Kanda hizo zikiunganishwa, darasa litapima iwapo jibu limeigusa hoja au limeviokoa vina pekee.

Tahadhari

Programu hizi huweza kufuta kusita kote kwa muda mfupi. Matokeo yake ni sauti ya malenga kinywani mwa asiyekuwa malenga. Kimya kinachofutwa ndicho ushahidi wa fikra ikitafuta njia. Kikitoweka, mwalimu hana cha kurekebisha na mwanafunzi hana cha kujifunza. Tunapendekeza rekodi asilia ihifadhiwe bila kuguswa, nakala yake ndiyo ihaririwe, na alama zitolewe kwa kuzingatia ile asilia.

Fauka ya hayo, kinasasauti si hadhira. Hakipigi vigelegele, hakiguni, wala hakimkatizi fanani kwa swali. Mazoezi haya yasipoishia mbele ya watu, tutakuwa tumehamisha ukariri kutoka daftarini hadi kwenye tarakilishi.

Hitimisho

Rekodi inafaa itumiwe kama kioo, si kama rangi ya kupaka uso. Mwanafunzi aliyejisikia akikwama, akajua ni wapi na kwa nini, amepiga hatua ambayo hakuna maelezo ya ubaoni yangeweza kumpigia. Penye nia pana njia: kinasasauti kimoja chatosha darasa zima, mradi mwalimu awe tayari kukiacha kimya kisikike.