Viluwiluwi wa Mbu: Penye Wengi Pana Mengi

Nyumbani kwetu Mombasa kuna pipa la maji nje ya jikoni. Kila Jumamosi mama alinituma nikamwage viluwiluwi wa mbu. Mimi, kwa uvivu, nilikuwa nachota ndoo mbili tatu tu, namwaga, kisha naita, "Mama, tayari!"

Mwalimu wetu wa Bayolojia aliposikia habari hiyo alicheka sana. Akaniambia, "Haya, jaribu ujionee."

Nilichukua mikebe mitatu yenye maji sawa na unga wa biskuti kiasi sawa, nikaifunika kwa chandarua. Mkebe wa kwanza nilitia viluwiluwi wachanga 10. Wa pili na wa tatu nilitia 100 kila mmoja. Kesho yake nikatoa 90 kutoka mkebe wa tatu.

Wale 10 wa kwanza walinenepa, wakawa mbu upesi. Katika mkebe wa pili wengi walikufa, waliobaki walikawia kukua, na mbu waliotoka walikuwa wembamba ajabu. Na mkebe wa tatu je? Ulifanana na wa kwanza!

Sababu ni hii. Kiluwiluwi hujivua ngozi mara 4 hadi kuwa pupa, na kila mara anahitaji chakula. Wakisongamana, chakula hakitoshi na maji huchafuka kwa kinyesi chao. Tena mbu jike aliye mdogo hutaga mayai machache.

Kumbe ndoo zangu mbili tatu zilikuwa zikiwapa nafasi wale waliobaki! Na mbu mwenye afya ndiye anayeweza kuishi siku nyingi. Hapo ndipo penye hatari. Virusi vya homa ya dengi, iliyotusumbua Mombasa mwaka wa 2013, hukaa mwilini mwa mbu kama siku 8 hadi 12 kabla ya mbu huyo kuweza kumwambukiza mtu. Mbu akifa mapema, hatuambukizi.

Basi ndugu zangu, mwageni maji yote. Yanyweshe miti yasipotee bure. Sugueni kuta za pipa kwa brashi, kwani mayai ya mbu huyu hunata hapo na huweza kuishi miezi kadhaa pakavu. Kisha funikeni vizuri.

Siku hizi mama hanikagui tena. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.