Mukono Unaomuvuta Muzee



Siku ya posho moja, sisi wa mwaka wa 6 tulienda katika nyumba ya wazee kuteka maji na kufua nguo. Mwenzetu mumoja aliambiwa amupeleke muzee kuoga. Muzee alitembea polepole, na kazi ilikuwa ingali mingi. Basi mwenzetu akamukamata mukono, akamuvuta. Muzee hakusema kitu. Alipovua shati, tuliona ngozi imechubuka pale vidole vilimushika. Na kwenye mabega kulikuwa alama zingine, za zamani, ambazo hazikutoka kwetu. Tukanyamaza sisi wote, tukarudi. Juu ya kule kunyamaza tunaandika somo hili.

1. Kupiga ni nini?
Tumezoea kusema kupiga ni fimbo ao kofi. Lakini kumuvuta muzee, kumusukuma, kumulisha kwa nguvu, kumufunga kwenye kitanda, kumupa dawa ya usingizi ili asisumbue: haya yote yanaumiza mwili. Ngozi ya muzee ni nyembamba, mifupa yake inavunjika upesi.

2. Inafanyika wapi?
Si kwetu tu. OMS ilikusanya hesabu za inchi mbalimbali: katika watumishi 3 wa nyumba za wazee, 2 walikubali kwamba ndani ya mwaka mumoja walimutendea muzee vibaya, kwa namna moja ao ingine, si kupiga tu. Kule Marekani, sheria ya mwaka 1987 ilikataza nyumba zinazolipwa na serikali kumupiga muzee, ao kumufunga kwa kumuazibu ao kwa kurahisisha kazi.

3. Juu ya nini?
Mara nyingi watumishi ni wachache, wamechoka, hawakufundishwa. Muzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaogopa maji, anapiga kelele. Mutumishi anafikiri ni kiburi. Naye muzee hasemi, kwa sababu yule aliyemuumiza ndiye atamuletea chakula jioni.

4. Tufanye nini?
Tuongee na muzee mbele ya kumugusa. Tumutolee mukono aushike yeye. Tukiona alama, tumuulize akiwa peke yake, kisha tumuambie mukubwa tunayemuamini. Alama inaweza kutoka kwa kuanguka, kwa hiyo tusimushitaki mutu ovyo. Lakini tusinyamaze.

Sisi tulikawia siku mbili, ndipo tulimuambia mwalimu. Yeye alienda kusema na wakubwa wa nyumba ile. Mwenzetu naye alirudi kule kuomba musamaha. Muzee alimujibu neno moja tu: «Polepole.»

Maswali ya kuzungumza darasani
a) Kwetu nyumbani, nani anamuosha tate? Anamushika namna gani?
b) Juu ya nini tulinyamaza siku ile? Na wewe ungefanya nini?

Mukubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6