Mguu Usiofikiwa na Damu: Namna ya Kuzuia Ukataji

Tuchukue mfano. Mkulima wa Makuyuni, wilayani Korogwe, mwenye umri wa miaka 60, anachomwa kidole cha mguu na mwiba wa mkonge. Ana kisukari na amevuta sigara miaka mingi. Kwa miezi kadhaa kila aendapo shambani shavu la mguu humuuma. Akisimama dakika chache, maumivu huisha. Yeye huuita uzee. Jeraha linasafishwa na kufungwa, kisha linafungwa tena na tena. Baada ya wiki tatu kidole ni cheusi, na afikapo hospitali kinachojadiliwa ni mahali pa kuukata mguu.

Kosa halikuwa katika dawa ya jeraha. Hakuna aliyechunguza kama damu inafika mguuni.

Ateri za miguu huzibika polepole kwa utando wa mafuta na chokaa. Misuli iliyotulia huhitaji damu kidogo, lakini ikitembea huhitaji nyingi zaidi. Ndiyo maana maumivu huja kwa mwendo na kuondoka kwa pumziko. Vivyo hivyo, ngozi nzima huishi kwa damu kidogo, ila jeraha huhitaji damu nyingi ili lipone. Mguu waweza kuvumilia miaka mingi, kisha ukaangamia kwa mwiba mmoja. Mwenye kisukari yumo hatarini zaidi, kwani ganzi humficha maumivu ambayo yangemwonya.

Mhudumu wa afya, vua viatu vya miguu yote miwili. Tafuta mapigo mahali pawili: juu ya mguu, na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Yasipopatikana, mguu ukawa wa baridi, au donda likawa na rangi iliyopauka, shuku ateri. Palipo na kipimo cha Dopla, gawanya shinikizo la juu la kifundo kwa lile la mkono. Kwa mfano, 80 kwa 140 ni 0.57, chini ya 0.9 ni dalili ya ugonjwa. Kwa mwenye kisukari jibu zuri lisikutulize, maana ateri zilizokakamaa hutoa kipimo kikubwa kisicho cha kweli. Usifunge bendeji ya kubana, wala usikate kidole kikavu cheusi kabla ya mtiririko wa damu kuchunguzwa.

Donda lenye dalili hizo lisisubiri. Mpe mgonjwa rufaa mapema kwenda Magunga mjini Korogwe, Bombo jijini Tanga au Muhimbili, kulingana na haja, na uandike wazi: “mapigo ya mguu hayapatikani.” Sentensi hiyo humwelekeza daktari kufikiria kuzibua ateri kabla ya kufikiria msumeno. Usaha, homa au wekundu unaopanda ni sababu ya rufaa siku hiyo hiyo. Mguu uliogeuka ghafla kuwa baridi, mweupe na wenye maumivu makali ni dharura ya saa chache.

Nawe ndugu mgonjwa, acha tumbaku kabisa. Hakuna dawa inayoweza kufidia madhara yake. Tumia dawa za sukari, shinikizo la damu, lehemu na za kuzuia damu kuganda kama ulivyoandikiwa. Kama huna donda, tembea hadi maumivu yaje, pumzika, endelea, kwa dakika 30 angalau mara tatu kwa wiki. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole. Usipoweza, mwombe mjukuu akuangalizie. Usitembee peku, usiote moto kwa miguu yenye ganzi, wala usichonge sugu kwa wembe.

Mwaka 2004 Tanzania ilianza mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioongozwa na Dkt. Zulfiqarali Abbas, uliowafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani utunzaji wa miguu ya wenye kisukari. Kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, hufanywa kwa macho na vidole. Zahanati isiyo na mashine yoyote yaweza kutafuta mapigo leo. Kwa mkulima yule, dakika mbili za siku ya kwanza ya mwiba zingeweza kuuokoa mguu anaoulimia.