Kusawazisha Mzigo Ndani ya Mtandao wa Pamoja: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kampuni yenye idara nyingi ikihamia Google Cloud, mara nyingi hujenga mtandao mmoja na kuugawa kwa wote. Utaratibu huo unaitwa Shared VPC. Mradi unaomiliki mtandao, sabneti, njia na faiawoli huitwa mradi mwenyeji. Miradi inayoutumia mtandao huo huitwa miradi ya huduma. Seva za mishahara ziko kwenye mradi wake, za stoo kwenye mradi wake, na zote zinazungumza ndani ya mtandao ule ule.

Ukiweka humo kisawazisha mzigo cha ndani, yaani kile chenye anwani isiyofikika kutoka intaneti, umejenga kitu chenye wenyewe wawili: mwenye mtandao na mwenye huduma. Karibu kila kinachoharibika hapa huharibika mpakani mwao. Seva ni nzima na programu ni nzima, ila kipande kimoja kimewekwa upande usio wake, au kila upande umedhani mwenzake ameshakiweka. Masharti yafuatayo ni ya mpaka huo.

Taja aina ya kisawazisha kabla ya kuomba chochote. Viko viwili vinavyotumika zaidi. Cha kwanza ni cha kupitisha, kwa TCP na UDP. Hakuna mashine iliyokaa katikati; pakiti hugawanywa na mtandao wenyewe, ule ambao Google huuita Andromeda, na seva inaiona anwani halisi ya mteja. Cha pili ni cha proksi, kwa HTTP na HTTPS. Hiki hutumia Envoy: hupokea muunganisho wa mteja, kisha hufungua mwingine kwenda kwa seva, kwa hiyo seva inaona anwani ya proksi, na ya mteja unaitafuta kwenye kichwa cha ombi kiitwacho X-Forwarded-For. Faiawoli, sabneti na umiliki vinatofautiana kati ya viwili hivi. Ombi linalosema tu “tunataka kisawazisha cha ndani” lirudishwe kwa mwombaji.

Weka vipande vyote vya kisawazisha cha kupitisha kwenye mradi wa huduma. Kanuni ya kuelekeza, huduma ya bekendi, kipimo cha afya na anwani ya ndani vikae mradi mmoja na seva zenyewe. Kinachotoka kwa mwenyeji ni mtandao na sabneti tu. Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu anwani inahifadhiwa kwenye mradi wa huduma ilhali namba yake inachotwa kwenye sabneti ya mwenyeji. Hakuna mgongano: namba ni ya sabneti, hati ya kuimiliki ni ya mradi wa huduma. Mwenye mtandao asijitolee kukiunda kisawazisha “kwake” ili kuwasaidia wenzake. Msaada huo hauna pa kushika seva.

Usitaje sabneti kwa jina lake peke yake. Amri za gcloud zikipewa jina fupi huitafuta sabneti ndani ya mradi ulimo, na sabneti unayoitaka haipo hapo. Andika njia nzima: `projects/`, jina la mradi mwenyeji, `regions/`, kanda, `subnetworks/`, jina la sabneti. Hatari kubwa iko pale mradi wa huduma unapokuwa bado na mtandao wake wa zamani wenye sabneti ya jina hilo hilo. Amri inakubali, rangi ni ya kijani, na kisawazisha kimezaliwa kwenye mtandao ambao hakuna mteja hata mmoja. Ule mtandao wa “default” unaokuja na mradi mpya ufutwe mapema kama hauna kazi.

Toa ruhusa kwa sabneti moja moja. Jukumu la `compute.networkUser` linaweza kutolewa kwa mradi mwenyeji mzima au kwa sabneti husika. Anayekodi chumba kimoja hapewi funguo za nyumba nzima. Mwenye huduma naye, kabla ya kulalamika kwamba haoni sabneti, aendeshe `gcloud compute networks subnets list-usable` akitaja mradi mwenyeji. Asichokiona hapo hajapewa.

Na msiisahau akaunti isiyo ya mtu. Kundi la seva linalojiongeza na kujipunguza huundwa kwa niaba yenu na akaunti ya Google ambayo anwani yake huanza na namba ya mradi na kuishia na `@cloudservices.gserviceaccount.com`. Nayo inahitaji jukumu lile lile kwenye sabneti ile ile. Bila hivyo mhandisi ataunda seva kwa mkono na itakubali, ila kundi likitaka kuongeza seva ya nne mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa inalipwa, litagoma.

Fungua faiawoli kwanza, kisha ujenge. Kila mtandao wa VPC huzaliwa na kanuni mbili ambazo huzioni kwenye orodha: kila kinachotoka kinaruhusiwa, kila kinachoingia kinazuiwa. Kanuni za kufungua ziko kwa mwenyeji, hivyo mwenye huduma hawezi kujiandikia. Aombe kwa maandishi, akitaja poti na chanzo. Vipimo vya afya hutoka 35.191.0.0/16 na 130.211.0.0/22; safu hizi mbili zifunguliwe kwa kila seva iliyo nyuma ya kisawazisha, kwenye poti inayopimwa. Kwa kisawazisha cha kupitisha, ongeza safu za wateja wenyewe, kwa kuwa anwani zao hazibadilishwi njiani. Kwa cha proksi, ongeza sabneti ya proksi. Kufungulia wateja moja kwa moja hapo ni kutoboa ukuta bila faida yoyote.

Anayeandika 0.0.0.0/0 “kwa muda” apewe tarehe ya kuifuta siku hiyo hiyo. Na lebo za mtandao zisigeuzwe kuwa ulinzi pekee: mwenye haki ya kuhariri seva anaweza kuibandika lebo yoyote, na kwenye mtandao wa pamoja watu hao ni wengi.

Usikiamini kisawazisha kwa sababu kinajibu. Sharti hili ndilo linalovunjwa zaidi. Tuseme kanuni ya vipimo vya afya imesahauliwa, lakini ya wateja ipo. Kisawazisha cha kupitisha kitaziona seva zote kuwa wagonjwa. Je, kitasimama? Hapana. Pale ambapo bekendi zote zimeshindwa kipimo na hamkuweka bekendi za akiba, hugawa miunganisho mipya kwa seva zote kama kimbilio la mwisho. Wateja wanahudumiwa, wakubwa wanapongezwa, na hakuna anayejua kwamba kipimo hakijawahi kufaulu hata mara moja. Siku seva moja kati ya tatu inapokufa kweli, haiondolewi kwenye mgao, kwa kuwa machoni pa kisawazisha haina tofauti na nyingine mbili. Takriban theluthi ya miunganisho mipya inaanguka, na timu inaanza kuisaka hitilafu ndani ya programu, ambako haimo.

Cha proksi kina adabu zaidi: seva zote zikishindwa kipimo, kinarudisha kosa la 503 na kila mtu anajua.

Kwa hiyo makabidhiano yasifanyike bila matokeo ya `gcloud compute backend-services get-health` yanayoonyesha kila seva kuwa nzima. Kisha zima programu kwenye seva moja kwa makusudi na uone hali yake ikibadilika. Isipobadilika, kipimo chenu ni pambo.

Usipime ukiwa ndani ya bekendi. Seva iliyo nyuma ya kisawazisha cha kupitisha ikiita anwani ya kisawazisha hicho, hujibiwa na yenyewe. Daima, iwe nzima au mgonjwa. Anayeingia kwenye seva, akaendesha curl, akapata jibu na kutangaza kwamba mgao uko sawa, amejisalimia mwenyewe. Pima kutoka seva nyingine kwenye kanda hiyo, na ikiwezekana kutoka mradi wa huduma mwingine, ndiko wateja waliko.

Programu isisikilize anwani ya seva peke yake. Kwenye kisawazisha cha kupitisha, pakiti hufika zikiwa bado zimeandikwa anwani ya kisawazisha, na vipimo vya afya vivyo hivyo. Sikiliza 0.0.0.0, au anwani hiyo yenyewe.

Tenga sabneti ya proksi mapema, na usiibanie. Hii ni kazi ya mwenyeji, na pasipo sabneti hiyo kisawazisha cha Envoy hakizaliwi. Kusudi lake huandikwa `REGIONAL_MANAGED_PROXY`. Kwa kila kanda ya mtandao huwa moja tu inayofanya kazi, na visawazisha vyote vya Envoy vya kanda hiyo, vya idara zote, vinaichota hiyo hiyo. Kiwango cha chini ni /26, yaani anwani 64. Google inashauri /23, yaani 512. Mpangaji wa anwani anayetoa /26 ili kuokoa nafasi anaokoa kitu kidogo mno ndani ya safu ya 10.0.0.0/8. Sabneti hii haipanuliwi kama zile za kawaida: unaunda nyingine ya akiba iliyo kubwa zaidi, kisha unaipandisha ichukue nafasi. Kazi hiyo mtaifanya huduma za watu wengine zikiwa juu yake.

Usijenge kisawazisha cha proksi kwa kila timu. Kanuni ya kuelekeza na ramani ya njia za URL zinaweza kukaa mradi mmoja, na huduma za bekendi zikabaki kwenye miradi ya timu mbalimbali. Timu inayomiliki bekendi hutoa jukumu la `compute.loadBalancerServiceUser` kwa anayesimamia sehemu ya mbele. Cheti kinatunzwa mahali pamoja na anwani ni moja. Mpango huu ni wa visawazisha vya proksi. Asiulazimishe mtu kwenye cha kupitisha.

Uliza wateja wako kanda gani. Kwa kawaida kisawazisha cha ndani cha kanda moja hujibu wateja wa kanda hiyo tu. Kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam iliyoweka seva zake `africa-south1`, kanda ya Johannesburg iliyofunguliwa mwaka 2024, huku kazi za ripoti zikiendeshwa `europe-west1`, itakuta ripoti haziifikii anwani hata kidogo. Ofisi iliyounganishwa kwa VPN kupitia kanda nyingine itapata hali hiyo hiyo. Dawa ni kuwasha ufikiaji wa kanda zote kwenye kanuni ya kuelekeza. Usiuwashe kwa mazoea, lakini jibu lijulikane siku ya kubuni.

Usimfunge mteja kwenye seva moja bila sababu. Mgao wa kawaida hutazama anwani na poti za pande zote mbili pamoja na itifaki. Ukiubadilisha utazame anwani tu, ofisi nzima inayotoka nyuma ya NAT moja itaangukia seva moja huku nyingine zikipiga miayo. Programu isiyoweza kufanya kazi bila kufungwa hivyo irekebishwe kwanza.

Hifadhi anwani, na wape wateja jina. Jina liwekwe kwenye zoni ya faragha ya DNS inayoonekana na mtandao wa pamoja. Anayeandika namba ya IP ndani ya msimbo arudishiwe kazi yake.

Usidhani kuunganisha mradi kunahamisha vilivyomo. Mradi wa zamani ukifanywa wa huduma, seva na visawazisha vyake vinabaki kwenye mtandao ule ule vilikokuwa. Kisawazisha kipya kijengwe upya kwenye sabneti ya pamoja, seva ziundwe humo, jina la DNS lielekezwe kwenye anwani mpya, na kile cha zamani kiachwe hadi rekodi zake zionyeshe hakuna anayekiita. Muda wa kumalizia miunganisho iliyo wazi uwekwe kabla ya kuondoa seva ya kwanza. Unaweza kuwa wowote hadi sekunde 3600, na kwa kazi ndefu za hifadhidata dakika 1 haitoshi.