Betri ya Moyo wa Shemeji

Mdogo wangu wa Mbotela, shemeji ametoka hospitali na betri ya moyo kifuani, na majirani wameshakwambia uzime televisheni na umnyang'anye simu. Waambie wapoe. Televisheni, redio na pasi havina neno. Simu aongee kwa sikio la upande wa pili, na asiitie kwenye mfuko wa shati juu ya kifaa. Sentimita 15 zatosha.

Kinachonitia wasiwasi ni kazi yake. Unasema huchomelea madirisha Jogoo Road. Umeme wa ile mashine unaweza kuipotosha betri, ikadhani moyo unapiga wenyewe, ikanyamaza. Moyo unaoitegemea ukikosa msukumo huo, mtu huona kizunguzungu, hata akaanguka. Asiiguse mashine kabla ya kumwona daktari wa moyo, na amtajie anatumia ampea ngapi. Wengine huruhusiwa kwa masharti, wengine hukatazwa kabisa. Kwa sasa apokee wateja na kuhesabu pesa, vijana wachomelee. Mkono wa upande wenye betri asiuinue kupita bega mpaka kliniki imruhusu.

Unauliza mbona mapigo bado yanarukaruka. Betri huzuia moyo usipige polepole mno. Haiponyi mapigo ovyo. Moyo ukitetema, damu hutuama ndani yake na kuganda, na donge likipanda ubongoni huleta kiharusi. Ndiyo sababu kaandikiwa warfarini. Na hapo ndipo sukuma wiki inapoingia, maana vitamini K yake hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Usimnyime! Mpe kiasi kilekile wiki baada ya wiki, la sivyo INR, kipimo cha kuganda kwa damu, kitapanda na kushuka. Akiumwa mgongo, asikimbilie diklofenaki wala aspirini ya dukani. Zikikutana na warfarini anaweza kuvuja damu.

Betri hiyo haichajiwi. Ikikaribia kuisha baada ya miaka kadhaa, kliniki huiona mapema na kifaa hubadilishwa. Arne Larsson wa Uswidi, wa kwanza kuwekewa kifaa hicho mwilini mwaka 1958, cha kwanza kilimfia baada ya saa chache tu. Akabadilishiwa tena na tena, akafariki 2001 akiwa na miaka 86.

Na lile uliloliuliza kwa aibu mwishoni mwa barua: ndiyo, kidonda kikishapona na daktari akiridhika. Betri haitampiga mtu shoti, wala wewe.