Ngoma: Afya ya Mwili na Umoja wa Kijiji



Mara nyingi mkatekumeni humwuliza mwalimu wake kwa hofu: «Mwalimu, siku ya ubatizo ikifika, je, itanipasa kuacha ngoma za wazee wangu?» Swali hili si dogo. Aulizaye hivyo alijifunza mapigo ya ngoma angali mgongoni mwa mama yake. Akijibiwa vibaya, atatengana na ndugu zake bila sababu, ama atacheza kwa siri huku dhamiri yake ikimsumbua. Basi leo tulichunguze neno hili kwa utaratibu.

1. Ngoma na mwili

Mwenye kucheza ngoma hutumia miguu, mikono, mgongo na shingo kwa pamoja. Moyo hupiga kwa nguvu, pumzi huongezeka, viungo hulainika, nayo miguu huzoea kusimama imara. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima autumikishe mwili wake kwa kadiri dakika 150 hadi 300 kila juma. Mkulima labda huzitimiza shambani. Lakini fundi wa cherehani aketiye kutwa, na mzee asiyeweza tena kushika jembe, watazipata wapi? Ngoma ya jioni yawafaa.

Tena ngoma yazoeza akili. Mwaka 2003, huko New York, waganga walitangaza habari za wazee 469 waliopita umri wa miaka 75, ambao waliwafuata kwa miaka kadhaa. Waliozoea kucheza dansi hawakupatwa sana na ugonjwa wa kupotewa na akili kama wenzao. Tusiseme kwamba dansi ni dawa ya ugonjwa huo, maana yawezekana pia kwamba mwenye afya ndiye apendaye kucheza. Lakini twajua kwamba mchezaji hukumbuka hatua, husikiliza mlio na kumwangalia mwenzake kwa wakati mmoja. Kazi hiyo si ya miguu tu.

2. Ngoma na jamaa ya watu

Ngoma yataka mpigaji, mwimbishaji na waitikiaji. Mmoja akienda mbio peke yake, mchezo waharibika. Hivyo ngoma yatufundisha kungojana. Na wawili waliogombana wakiingia katika duara moja, ni vigumu kuendelea kunyimana salamu.

Tuutazame mji wa Kisangani. Mwezi wa Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipigana humo siku 6, na raia wengi wakafa. Mwaka 2001 mcheza dansi Faustin Linyekula alianzisha huko Kinshasa nyumba ya kazi iitwayo Studios Kabako, na baadaye akaihamishia Kisangani. Humo vijana hujifunza dansi, muziki na michezo ya kuigiza, na huonyesha kwa mwili mambo ambayo ni mazito kuyatamka kwa kinywa. Dansi haiwafufui wafu. Lakini yawapa walio hai njia ya kulia pamoja na kuanza tena pamoja.

3. Ngoma na sala

Zamani wamisionari wengi walikataza ngoma, kwa kuwa waliona ulevi na mambo mengine mabaya yakiandamana nayo. Lakini Maandiko Matakatifu yasimulia kwamba mfalme Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Agano, naye Mikali aliyemdharau hakusifiwa. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifungua njia ya kupatanisha ibada na desturi njema za mataifa. Maaskofu wetu, pamoja na Kardinali Malula wa Kinshasa, waliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1988, nchi ingali ikiitwa Zaire, Roma ilikubali utaratibu wao wa Misa. Katika Misa hiyo, wakati wa wimbo wa Utukufu, padri na wahudumu huizunguka altare kwa mwendo wa ngoma. Tarehe 1 Desemba 2019, Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa utaratibu huo katika Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma.

4. Kupambanua

Mpunga huchambuliwa, hautupwi pamoja na makapi. Ngoma iletayo ulevi, uzinzi, matusi juu ya kabila jingine au kuwatisha watu kwa uchawi, iache. Ngoma ya arusi, ya mavuno, ya kumpokea mgeni au ya kumtukuza Mungu, icheze kwa furaha. Naye mgonjwa wa moyo amwulize mganga kwanza.

Maulizo

Je, ubatizo wanikataza kucheza ngoma?
Hapana. Wanikataza dhambi, hata kama dhambi hiyo imevaa njuga za ngoma.

Ngoma yaufaa mwili namna gani?
Yaimarisha moyo, pumzi na viungo, na kuzoeza akili.

Ngoma yakifaa kijiji namna gani?
Yafundisha watu kungojana, na kuwakutanisha waliotengana.

Nifanye nini juma hili?
Nimtafute yule niliyegombana naye, nipatane naye, kisha tuingie duarani pamoja.