MAKUSUDIO YA NDOA NA KHITILAFU ZA WATU JUU YAKE

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: kila zinapotajwa nchi zilizohalalisha ndoa ya wanaume wawili au ya wanawake wawili, jawabu inayosikika barazani kwetu ni moja: "Ndoa ni ya kuzaa, na hao hawazai." Msemaji hunyamaza hapo akidhani kwamba amekwisha kuikata hoja. Sisi twaona kwamba hukumu anayoitetea ni ya haki, lakini hoja anayoiegemea ni dhaifu, na juu ya udhaifu wake ina madhara kwa Waislamu wenyewe. Kwa hivyo darasa yetu ya mara hii ni juu ya swali moja: ndoa imewekwa kwa makusudio gani?

Kwanza yatupasa kuyajua wanayoyasema wenzetu, kwani si insafu kumjibu mtu kwa neno asilolisema. Nchi ya kwanza kuipa nguvu ya sheria ndoa ya namna hii ni Uholanzi, tarehe 1 Aprili 2001. Katika Afrika, Afrika Kusini ilifuata mwaka 2006. Marekani ilikatwa shauri na Mahakama ya Juu tarehe 26 Juni 2015, majaji 5 wakikubali na 4 wakikataa. Miongoni mwa washitaki walikuwamo wanawake wawili wauguzi wa jimbo la Michigan, waliowachukua watoto wakawalea. Sheria ya jimbo lao haikukubali kila mtoto awe na mzazi zaidi ya mmoja katika hao wawili. Basi akifa yule mmoja, wa pili hana haki iliyo thabiti juu ya mtoto aliyemlea.

Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alitoa sababu nne: kwamba kuchagua mwenza ni katika uhuru wa nafsi ya mtu, kwamba umoja wa watu wawili hauna mfano wake, kwamba ndoa ni hifadhi ya watoto na nyumba, na kwamba ni msingi wa jamii. Kisha akaigeukia hoja ya uzazi. Alisema kwamba haki ya kuoa haikupata kufungwa na sharti la kuzaa, wala serikali haimuulizi muoaji kama ataweza kuzaa au ataka kuzaa. Jaji Mkuu John Roberts alimpinga kwa mambo mawili. La kwanza, kwamba ndoa imejulikana tangu zamani kuwa ni ya mwanamume na mwanamke, kwa haja ya mtoto kulelewa na baba yake na mama yake. La pili, kwamba jambo hili ni la wananchi kuliamua kwa kura zao, si la majaji watano.

Hata miongoni mwa wanaojinasibisha na Uislamu wako walioandika kinyume cha jumhuri. Scott Kugle, Mwislamu wa Marekani, alitoa kitabu mwaka 2010, akadai kwamba kosa la kaumu ya Nabii Lut lilikuwa ni kulazimisha watu kwa nguvu na kuwavunjia wageni heshima yao, si mapenzi ya watu waliokubaliana. Wanavyuoni wa madhehebu zote nne hawakuifahamu Qurani hivyo, na sisi tu pamoja nao. Kwani maneno ya Nabii Lut kwa kaumu yake yanakitaja kitendo chenyewe cha kuwaendea wanaume badala ya wanawake. Lakini tumelitaja neno lake ili msomaji ajue kwamba lipo, asije akashangazwa nalo siku atakapolisikia kwa mwanawe aliyerudi kutoka chuo kikuu.

Sasa na turejee kwenye vitabu vyetu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, nguzo za nikahi ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na maneno ya kuozesha na kukubali. Mtoto si nguzo wala si sharti. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizihesabu katika Ihya faida tano za nikahi: mtoto, kuizuia shahawa isimpeleke mtu kwenye haramu, kutengeneza mambo ya nyumba, kuongeza jamaa na ukoo, na kuijahidi nafsi kwa kutimiza haki za watu wa nyumbani. Mtoto amemtanguliza, na hapana shaka hiyo ndiyo daraja yake. Lakini hakumfanya kuwa ndiye peke yake. Na Qurani katika Sura ya Rum imetaja utulivu, mapenzi na huruma baina ya mume na mke, na mtoto hakutajwa katika aya hiyo. Bali ametajwa katika Sura ya Nahl kuwa ni neema itokayo kwa wake.

Tena ziangalie hukumu zenyewe. Mwanamke akimwona mumewe hawezi kumwingilia, ana haki ya kumshitaki kwa kadhi. Mume hupewa muda wa mwaka mmoja, na ukipita naye hakuweza, mke hupewa hiari ya kuivunja ndoa. Lakini utasa haukuhesabiwa katika aibu zinazovunja nikahi. Lau kuzaa kungalikuwa ndiyo roho ya ndoa, utasa ungaliivunja kabla ya aibu nyingine yoyote. Kwa hukumu hizi twafahamu kwamba nikahi ni ahadi ya mwanamume na mwanamke kuwa mume na mke, kwa miili yao na kwa haki zao. Na mtoto ni tunda la ahadi hiyo, Mwenyezi Mungu akitaka hulitoa, na akitaka hulizuia. Ndiyo maana mzee wa miaka themanini akimwoa ajuza, nikahi yao ni kamili na mahari ni wajibu.

Hapa mwenye kupinga atasema: "Ikiwa mtoto si sharti, na makusudio ni utulivu na mapenzi, basi hayo hupatikana hata kwa wawili walio wa jinsia moja." Hii ni hoja, na yataka jawabu. Twasema kwamba mapenzi nayo ni tunda. Hatukanushi kwamba watu hupendana. Lakini si kila mapenzi ni nikahi, na si kila nikahi isiyo na mapenzi ni batili. Sisi hatuikatai ndoa hiyo kwa kuwa haina watoto, wala kwa kudai kwamba watu wake hawana huruma. Twaikataa kwa kuwa nguzo ya mume na mke haikupatikana, na kwa kuwa kitendo chenyewe kimekatazwa kwa nassi. Hii ni hoja ya mwenye kuukubali wahyi. Asiyeukubali tunaishi naye chini ya sheria ya nchi. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 45, imeitaja haki ya kuoana kuwa ni ya mtu na mwenziwe wa jinsia nyingine. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kenya ya Februari 2023, iliyowatia watu wengi hofu, ilikuwa juu ya kuandikishwa kwa chama tu, ndoa haikuigusa.

Sasa tazameni madhara tuliyoyataja. Mwenye kukariri kwamba ndoa ni ya kuzaa tu, amempa hoja mume anayemwacha mkewe baada ya miaka mingi ya wema kwa kuwa hakuzaa. Amempa ulimi wifi anayemwita mwenziwe mti mkavu. Na mara ngapi mwanamke hulaumiwa, na ila iko kwa mume asiyetaka hata kupimwa? Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, hakuzaa, wala haikumpunguzia daraja yake kwa Mtume. Ipo hadithi inayohimiza kuoa mwanamke mzazi, nasi twaikubali; lakini himizo la kuchagua kabla ya nikahi si ruhusa ya kudhulumu baada yake.

Liko na dhara la pili. Mwezi wa Februari 2010, huko Mtwapa, ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wataoana. Kundi la watu likakusanyika penye kituo cha afya, watu wakapigwa, na polisi wakawatia wengine mikononi. Harusi yenyewe haikuonekana. Twauliza: sheria gani iliwapa watu wale ukadhi? Mwenye kumsingizia mtu zina bila ya mashahidi wanne, adhabu yake kwa Qurani ni mijeledi 80, na kwa madhehebu yetu tuhuma ya liwati huingia humo. Kupeleleza aibu za watu kumekatazwa kwa nassi, na hukumu ni ya hakimu, si ya mpita njia. Anayeitetea sheria ya Mungu kwa kuivunja, hakuitetea.

Basi, ndugu zetu, mkiulizwa na vijana wenu, msiwajibu kwa neno moja la haraka. Wafundisheni nguzo za nikahi na makusudio yake yote, nao wayaone hayo kwanza nyumbani mwenu. Mtu hawezi kuitetea ndoa mbele ya walimwengu, na mkewe mwenyewe ndani hana utulivu wala huruma.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote kwenye haki. Wallahu aalam.